Jinsi ya Kupata Umeboshi Halisi na Kuizoea

Anayeonja umeboshi, tunda chachu la Kijapani lililotiwa chumvi na kuanikwa, kwa mara ya kwanza kwa kutia tunda zima mdomoni, kana kwamba ni tende, hufumba macho, meno yakaingia ganzi, na mara nyingi huapa kwamba hatairudia tena. Wajapani kwa kawaida hawaili hivyo. Kwao umeboshi ni kisindikizo cha wali, kama vile watu wa pwani yetu wanavyoweka achari ya ndimu pembeni ya sahani, na hakuna anayeihukumu achari kwa kuila tupu. Mwenye nia ya kuizoea na aanze kwa kukubali jambo hilo, kisha atafute umeboshi iliyotengenezwa kwa njia ya zamani, kwa sababu nyingi zinazouzwa siku hizi zimetiwa vikolezo hadi ladha ya tunda imefunikwa.

Tunda lenyewe huitwa ume. Wengi huliita plamu, ingawa kwa nasaba liko karibu zaidi na aprikoti. Zaidi ya nusu ya ume za Japani hutoka mkoa wa Wakayama, hasa sehemu za Minabe na Tanabe, ambako aina iitwayo Nanko inasifiwa kwa ngozi nyembamba na nyama nene iliyo laini. Ume zilizoiva huvunwa mwezi Juni, zikapangwa katika chombo pamoja na chumvi ya kiasi cha asilimia 18 hadi 20 ya uzito wake, na juu yake pakawekwa kitu kizito. Baada ya siku chache chumvi huwa imevuta maji ya tunda, yakapanda na kuzifunika zote. Wanaotaka rangi nyekundu huongeza majani mekundu ya shiso, mmea wa jamii ya mnanaa, yaliyofikichwa kwa chumvi. Mvua za msimu zikikatika mwezi Julai, ume huopolewa na kuanikwa juani kwa muda wa siku 3 hivi, hadi ngozi inapokunjamana. Kwa chumvi nyingi kiasi hicho, umeboshi hukaa miaka bila kuoza.

Dukani, basi, kitu cha kwanza kusoma ni orodha ya viambato. Umeboshi ya asili ina ume, chumvi na pengine shiso, basi. Ukikuta sharubati ya sukari, asali, vikolezo au rangi, hiyo ni aina iliyokolezwa, ambayo kwenye pakiti za Kijapani hutambulishwa kwa maandishi 調味梅干, ilhali ile ya asili huandikwa 梅干 peke yake. Maandishi 塩分 hutangulia kiwango cha chumvi: asilimia 5 hadi 8 ni dalili kwamba chumvi imepunguzwa, na pakiti ya namna hiyo ikishafunguliwa lazima ikae kwenye jokofu. Wapo wanaomshauri mgeni aanze na ile ya asali kwa kuwa haichomi ulimi. Mimi siungi mkono ushauri huo, kwani anayeanzia kwenye utamu huzoea utamu, na siku akikutana na umeboshi yenyewe anakuwa bado mgeni.

Maduka ya vyakula vya Kijapani ndiyo mahali pa uhakika zaidi. Kwa wasomaji walioko Ulaya na Amerika Kaskazini, maduka ya vyakula vya asili nayo huwa nayo, kwa sababu wafuasi wa mfumo wa ulaji wa makrobiotiki waliipenda tangu zamani; humo hupatikana pia ikiwa imepondwa na kutiwa kwenye chupa. Usiichanganye na plamu kavu za Kichina zenye sukari na urukususu, ambazo ni kitafunwa na ladha yake ni nyingine kabisa.

Sasa kuionja. Pika wali mweupe usiotiwa nazi, mafuta wala chumvi, na ikiwezekana uwe wa mchele wa Kijapani wenye punje fupi zinazoshikana. Ondoa kokwa, ambayo ni ngumu kiasi cha kuvunja jino, kisha chukua nyama ya ukubwa wa punje ya hindi, iweke juu ya tonge la wali wa moto na utafune polepole. Kwanza utasikia chumvi, kisha uchachu unaojaza mdomo mate, na mwishoni, ukiwa na subira, harufu ya tunda kama ya ua. Harufu hiyo ndiyo inayotafutwa, na bila wali huisikii. Robo ya tunda inatosha mlo mzima wa mwanzo. Chumvi nayo ihesabiwe: gramu 10 za nyama yenye chumvi asilimia 20 zina gramu 2 za chumvi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, hivyo mwenye shinikizo la damu awe mwangalifu zaidi.

Ukishaizoea kwa wali, itie ndani ya onigiri, yaani tonge la wali lililofungwa kwa mwani, au juu ya uji wa mchele, ambao Wajapani humpa mgonjwa aliyepoteza hamu ya kula. Kwenye mchuzi wa iwashi, samaki wa jamii ya dagaa, tunda moja au mawili huchemshwa pamoja nao ili kukata shombo, na hapo hata asiyependa uchachu hula bila kulalamika.

Maji ya chumvi yaliyotokana na ume, yaitwayo umezu, huuzwa kwenye chupa kama siki ingawa hayakuchachushwa. Loweka humo tangawizi changa iliyokatwa nyuzi nyuzi: yakiwa mekundu kwa shiso, nayo itageuka nyekundu, na italiwa pamoja na tambi za kukaanga.