Kompyuta mpya uliyoiunga mwenyewe inasuasua? Angalia haya kabla hujatoa hela nyingine

Wakuu, hii kitu inaumiza sana. Mtu kajichanga weee, kanunua vifaa kimoja kimoja Kariakoo, vingine kaagiza China, kaunga kompyuta yake mwenyewe au kampa fundi, imewaka safi, afu akianza kuitumia anakuta nzito kuliko hata laptop ya zamani aliyoikimbia. Brauza inachukua mwaka kufunguka, folda inazungusha kile kiduara, gemu linakatakata. Na ushauri wa kwanza anaopewa mtaani ni badilisha prosesa (CPU, ubongo wa kompyuta) au tafuta kadi ya grafiki (inayochora picha kwenye skrini). Ngoja kwanza. Kwenye kompyuta za bei nafuu za saivi prosesa ni ya mwisho kabisa kulaumiwa, shida mara nyingi iko kwenye diski (panapokaa mafaili) au RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi), na mara nyingi zaidi iko kwenye jinsi vitu vilivyopangwa, yaani unaitibu bila kutoa hata mia.

Nitatumia mfano wa mashine ambayo watu wengi wa bajeti wanaunga: prosesa ya AMD Ryzen 5 5600G, mazabodi (bodi kuu inayobeba vifaa vyote) ya A520 au B450, RAM stiki moja ya GB 8, SSD (diski ya chipu tupu, haina kinachozunguka) ya GB 256 na hadidiski (HDD, ile ya sahani zinazozunguka) ya mtumba ya TB 1 ya kuwekea muvi na mafaili. Kadi ya grafiki hamna, inatumia ile iliyomo ndani ya prosesa. Kama wewe una ya Intel, Core i3-12100, usijali, karibu kila kitu ni kile kile.

Kwanza kabisa, Windows umeiweka lini? Kama ni jana usiku basi bado haijatulia, inashusha apdeti, inapanga orodha ya mafaili yako yote, Defender (antivairasi ya Windows yenyewe) inakagua diski, vyote kwa pamoja. Iache iwake saa kadhaa ikiwa na intaneti, uirestati, ndio uanze kuilaumu. Ila hapa kuna mtego wa sisi tunaotumia bando la simu. Ukiunganisha kwa hotspoti na ukawa umewasha ile setingi ya Metered connection ili data isiliwe, Windows kwa kawaida haishushi draiva (programu inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa) mpaka uiruhusu. Matokeo yake unakaa wiki nzima huna draiva ya grafiki. Nenda Device Manager, fungua Display adapters, ukikuta imeandikwa Microsoft Basic Display Adapter basi jibu umelipata, maana yake prosesa ndiyo inachora kila kitu kwenye skrini yenyewe bila msaada, lazima video ikwamekwame na hata kusogeza dirisha kuwe kuzito. Nenda tovuti ya AMD au Intel, shusha draiva ya grafiki na ya chipseti, weka, restati. Wapo ambao safari yao inaishia hapa.

Bado nzito? Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, Task Manager inafunguka, ingia Performance. Sasa usiiangalie tu mashine ikiwa imekaa, fanya kile kitu kinachokukera, kama ni Chrome fungua Chrome, kama ni gemu washa gemu, huku unaangalia kipi kinapanda mpaka 100. Kinachogota juu ndicho kinachowachelewesha wenzake. Na kama hamna kinachopanda lakini mashine bado inavuta miguu, hilo ni la joto au spidi, nitalifikia.

Diski ikiwa ndiyo iko 100% huku spidi yake inasoma MB 1 au 2 kwa sekunde, tulia uangalie vizuri pale pembeni. Utaona Disk 0 na Disk 1, kila moja imeandikwa kama ni SSD au HDD. Tafuta yenye C:, ndimo ilimo Windows. Ni mara nyingi mno C: iko kwenye hadidiski na ile SSD ipo tupu kabisa haina kazi! Fundi wakati anaweka Windows alichagua diski kubwa akaona hapa ndipo pana nafasi. Hadidiski ya mizunguko 7200 kwa dakika inazunguka raundi moja kwa milisekunde kama 8.3, na kichwa chake lazima kisogee kikafuate kila kipande cha data kilipo, kwa hiyo vifaili vidogo vidogo vilivyotawanyika inaweza kusoma kama mia hivi kwa sekunde, basi. SSD hata ya bei rahisi inasoma maelfu kwa maelfu. Na Windows kazi yake ni hiyo, kusoma vifaili vidogo maelfu kila dakika. Hapo hata ungeweka prosesa ya milioni mbili, itakaa inasubiri diski.

Dawa yake ni kuweka Windows upya kwenye SSD, na tafadhali, wakati wa kuweka CHOMOA waya wa hadidiski kabisa. Ukiiacha imechomekwa, Windows inaweza kuweka kile kisehemu cha kuwashia kwenye hadidiski, afu siku hadidiski ikifa kompyuta haiwaki japo Windows yenyewe iko SSD. Ukimaliza ndio unairudisha iwe ya kuhifadhia vitu. Ila mafaili yako yaliyokuwa kwenye ile C: ya zamani hamisha kwanza kabla hujafuta chochote.

Lingine la hadidiski za mtumba ambalo watu hawalitegemei: hata kama Windows iko SSD, hadidiski mgonjwa inaweza kuigandisha mashine nzima, kwa sababu kila ukifungua This PC mfumo unaisubiri ijibu. Weka CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, ni ya bure. Ikiandika Caution au Bad kwa sababu ya sekta zilizokufa, hiyo diski hamisha vitu vyako leo leo. Ukiona kile kipengele C7 (makosa ya kupitisha data) namba yake inazidi kupanda, hapo diski huenda ni nzima, mbovu ni waya wa SATA (waya wa data wa diski), badilisha waya tu. Na njia rahisi ya kuthibitisha: zima, chomoa hadidiski, washa, tumia siku moja. Ikiwa nyepesi, umeshampata mchawi wako.

SSD nazo kuna feki, hilo nalisema kwa uchungu maana zimejaa. Ukiona TB 2 kwa bei ya GB 128, kimbia. Ukishainunua pima kwa CrystalDiskMark, SSD nzima ya SATA inasoma kwenye 500 hivi MB kwa sekunde, NVMe (aina ya SSD yenye kasi zaidi) inatakiwa izidi hapo mara kadhaa, ukipata 30 au 40 kwenye mstari wa juu wa SEQ kuna kitu hakiko sawa. Kupima kama ukubwa ni wa kweli tumia H2testw, inajaza diski afu inasoma tena ilichoandika, kama ni feki data itarudi imeharibika. Na SSD nzima usiijaze mpaka ukutani, zile za bei ya chini zikijaa zinapoteza kasi vibaya sana hasa ukiwa unakopi mafaili makubwa, bakiza hata sehemu moja ya tano.

Sasa RAM, na hapa ndipo pesa za watu wa 5600G zinapopotelea. Rudi Task Manager, bonyeza Memory, angalia chini. Kuna Speed na kuna Slots used. Mara nyingi utakuta 1 of 2, na spidi 2133 au 2400 wakati stiki yako imeandikwa 3200. Stiki moja ya DDR4 (aina ya RAM ya mashine hii) kwenye 3200 inapitisha GB 25.6 kwa sekunde. Ukiweka mbili zinafanya kazi sambamba, inakuwa 51.2, ni kama barabara ya njia moja kuongezewa njia ya pili. Stiki moja kwenye 2133 ni GB 17 tu. Yaani unatumia theluthi moja ya uwezo wa mashine uliyoilipia! Na kumbuka grafiki ya 5600G haina RAM yake, inakula hiyo hiyo, kwa hiyo kwenye gemu inakufa njaa kabisa.

Spidi unairekebisha bure. Restati, bonyeza Delete mfululizo uingie BIOS (setingi za mazabodi kabla Windows haijawaka), tafuta XMP (inayoipa RAM spidi iliyoandikwa juu yake), kwenye mazabodi nyingine inaitwa DOCP au A-XMP, iwashe, bonyeza F10 kuhifadhi. Skrini ikikaa nyeusi kidogo usiogope, inaipima RAM. Ikikataa kabisa kuwaka, zima, chomoa waya wa umeme, toa ile betri ndogo ya mazabodi dakika chache urudishe, setingi zinarudi za mwanzo. Kama mazabodi ina sloti nne na una stiki mbili, ziweke ya pili na ya nne kuhesabia kutoka kwenye prosesa, ukizibananisha mbili za kwanza unaweza kukuta zote zinatumia chaneli moja.

Ukubwa nao. GB 8 kwenye mashine hii si GB 8 kweli, angalia palipoandikwa Hardware reserved, hiyo imechukuliwa na grafiki, inaweza kuwa nusu GB au hata 2 kutegemea BIOS. Toa na ya Windows yenyewe, ukifungua tabo nyingi za Chrome RAM inaisha na mashine inaanza kutumia diski kama RAM. Kama C: iko hadidiski ndio kabisaa. Kwa hiyo kama kuna kitu kimoja nakuunga mkono ununue, ni stiki ya pili inayofanana na ya kwanza, ukubwa ule ule na spidi ile ile. Kwa mashine isiyo na kadi ya grafiki hakuna hela nyingine itakayoleta tofauti kubwa namna hiyo.

CPU ikiwa ndiyo iko juu wakati hujafungua kitu, angalia Processes nani anaila. Na kuna hii, feni inapiga kelele, ukifungua Task Manager kila kitu kinashuka ghafla, ukiifunga inaanza tena. Hiyo ni programu ya kuchimba sarafu za mtandaoni, zipo zinazojificha hivyo, na zinapenda kuja na zile aktiveta za bure za Windows na gemu za kukraki. Usihangaike kuisafisha, weka Windows upya kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe. Windows ambayo haijaaktivetiwa haipunguzi kasi, inakuwekea maandishi kwenye kona na kukunyima kubadilisha mwonekano tu, bora hiyo mara mia.

Joto: weka HWiNFO (programu ya kusoma joto), ipe mashine kazi nzito dakika kumi. 5600G mwisho wake ni nyuzi 95, i3-12100 ni 100, ikigota huko inajipunguza spidi yenyewe ili isiungue. Kagua kama ile plastiki ya chini ya kula (cooler, kipoza prosesa) imetolewa, kama pesti ya kupitisha joto ipo, kama pini zote nne za kula ya Intel zimeingia mpaka mwisho, kama feni imechomekwa CPU_FAN. Na boksi usilisukumie ukutani, joto la Dar mwezi wa pili linatosha lenyewe.

Wenye kadi ya grafiki, waya wa monita unachomekwa kwenye kadi, si kwenye mazabodi. Na kadi za kuagiza ipime na GPU-Z (programu ya kutambua kadi), ikiwa ni ya zamani iliyobadilishwa jina itaandika FAKE mbele ya jina. Kadi za GT 1030 ziko aina mbili kwa RAM yake, ya GDDR5 inapitisha GB 48 kwa sekunde, ya DDR4 ni 16.8, na boksi zinafanana, soma kabla ya kulipa.

Ukikuta kifaa ni kibovu au feki, piga picha ya skrini inayoonyesha hayo, chukua risiti, rudi dukani mapema kabla warranti haijaisha, na stika ya duka kwenye kifaa usiibandue.