Namna ya kukinga maji ya kisima dhidi ya nitrati itokayo kwenye karo

Familia nyingi za Dar es Salaam huwa na karo na kisima katika kiwanja kimoja, zikiamini kwamba karo lisilofurika halidhuru maji. Kwa upande wa vijidudu imani hiyo ina ukweli kiasi, kwa kuwa udongo huchuja sehemu yake kubwa. Kwa nitrati haina ukweli wowote. Naitrojeni ya mkojo na kinyesi hutoka karoni ikiwa amonia, kisha bakteria walio katika udongo wenye hewa huigeuza kuwa nitrati, ambayo haishikwi na mchanga bali husafiri na maji.

Anza kwa kupiga hesabu ya kiwanja chako. Mtu mmoja hutoa takriban kilo 4 za naitrojeni kwa mwaka, hivyo watu 6 hutoa kilo 24. Kiwanja cha mita 20 kwa 20, hata mvua yote ya mwaka, takriban milimita 1,100, ingezama ardhini, hupata lita 440,000 tu. Kilo hizo zikiyeyuka humo zote, kila lita itakuwa na takriban miligramu 55 za naitrojeni, ilhali kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 za nitrati, yaani takriban 11 za naitrojeni. Ni kweli kwamba sehemu ya naitrojeni hupotea njiani, lakini mvua nayo hukauka na kutiririka. Ndiyo maana kusogeza kisima mita chache hakutoshi pale ambapo kila jirani ana karo lake.

Pima maji maabara mara mbili, wakati wa kiangazi na baada ya masika. Jaza chupa safi, iweke kwenye barafu na uifikishe siku hiyohiyo. Ukipewa majibu, uliza kama kipimo ni cha nitrati au cha naitrojeni, maana 20 ya kwanza ni salama na 20 ya pili imevuka kikomo.

Kikomo kikivukwa, usichemshe maji ukidhani umeyatibu: mvuke huondoka, nitrati hubaki na kuzidi kukolea. Klorini na chujio la udongo havisaidii pia. Mtambo wa osmosisi kinyume, unaosukuma maji kwa nguvu kupitia utando mwembamba sana, husaidia. Mtoto wa chini ya miezi 6 anayenyweshwa maziwa ya kopo asitengenezewe kwa maji hayo kamwe, kwa sababu nitrati huweza kuizuia damu yake kubeba oksijeni.

Kunyonya karo kwa gari ni jambo jema, ila huondoa sehemu ndogo tu ya naitrojeni. Linalofaa zaidi ni kuacha kutumia shimo refu linalogusa maji ya ardhini, na badala yake kusambaza majitaka ya karoni kwenye mitaro mifupi kwa kina, iliyofunikwa na kuzungukwa na migomba, ambayo mizizi yake huila nitrati kabla haijazama.