Kuandaa Linux Nyepesi na Thabiti kwa Mashine ya Michezo ya Nyumbani

Mashine ya michezo mara nyingi huzimwa kwa kukatiwa umeme tu, kwa hiyo mfumo wake unapaswa kuandaliwa kwa kutarajia jambo hilo tangu mwanzo. Sakinisha toleo thabiti la Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, bila mazingira ya eneokazi, kisha ongeza vile tu vinavyohitajika: kiendeshi cha kadi ya michoro, ALSA kwa ajili ya sauti, na MAME au RetroArch, programu za kuendeshea michezo ya mashine za zamani. Mtumiaji wa kawaida, asiye msimamizi, aingie bila nywila kupitia getty, huduma ya kuingia inayoanzishwa na systemd (programu inayosimamia huduma za mfumo), na programu ya michezo ianze yenyewe.

Hatua ninayoisisitiza kuliko zote ni kuufunga mfumo usiandikwe. Katika faili ya /etc/fstab, inayoeleza jinsi sehemu za diski zinavyounganishwa, iweke sehemu kuu ya diski katika hali ya kusomwa tu, uzihamishie /tmp na /var/log kwenye tmpfs (hifadhi ya muda iliyo kwenye kumbukumbu ya RAM), na alama za wachezaji uzitengee sehemu nyingine ndogo yenye mfumo wa faili wa ext4, ambao jarida lake (rekodi ya mabadiliko yanayoandikwa) husaidia kuurejesha mpangilio wa faili baada ya umeme kukatika ghafla. Zima masasisho ya kiotomatiki. Unapolazimika kusasisha, chukua kwanza nakala ya diski nzima, ufungue mfumo kwa amri ya mount -o remount,rw /, usasishe, ujaribu michezo kadhaa, halafu uufunge tena.