Safari ya Guangzhou: mzigo kwanza, tiketi mwisho

Wengi wanaoanza kufuata bidhaa China huanza na tiketi. Wanasikia nauli imeshuka, wanakata, halafu ndipo wanaanza kuulizia hoteli iko wapi, soko la viatu ni lipi, na mzigo utarudije Dar, Mombasa au Bujumbura. Ukifanya hivyo, kila uamuzi unaofuata unaufanya kwa haraka na kwa bei ya mtu mwenye haraka. Afadhali uanzie mwisho. Ukishajua unaleta nini, kiasi gani na kwa njia gani, soko linajulikana. Soko ndilo litakalokuchagulia hoteli, na kalenda itakwambia tiketi iwe ya tarehe ngapi.

Basi tuanze na katoni. Chukua ile ya kawaida ya sentimita 60 kwa 50 kwa 40. Ujazo wake ni CBM (mita za ujazo) 0.12, yaani katoni nane kama hiyo zinakaribia CBM moja. Kwa meli, mtu anayechangia kontena na wenzake hulipia ujazo huo, iwe ndani kuna mashuka au midoli ya manyoya. Kwa ndege wanahesabu kilo, lakini kanuni ya kawaida ya mizigo ya ndege ni kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawa kwa 6000. Katoni yetu inatoka kilo 20. Kama ndani kuna midoli ambayo kwenye mizani ina kilo nane, ofisi inayofuata kanuni hiyo itakutoza 20. Ndiyo maana vifaa vya simu, nywele na nguo nyepesi hupanda ndege na bado vikaacha faida, wakati ndoo na viti vya plastiki ukivipandisha ndege umeshapata hasara kabla hujafika sokoni. Uliza pia mapema kuhusu betri, vimiminika na poda: ofisi nyingi za mizigo huvitoza bei yake ya pekee, na nyingine hazivipokei kabisa.

Upande wa nyumbani una hesabu yake. Ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki una viwango vya asilimia 0, 10, 25 na 35, na baadhi ya bidhaa zinazolindwa hutozwa zaidi ya hapo. Juu yake inakuja VAT, asilimia 18 kwa Tanzania na 16 kwa Kenya, pamoja na tozo nyingine. TBS na KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, nayo yanataka bidhaa nyingi zikaguliwe huko huko zinakotoka kabla ya kupakiwa. Huo ndio utaratibu wa PVoC. Mpelekee wakala wa forodha orodha yako wiki kadhaa kabla ya safari, akuandikie kila bidhaa inatozwa kiasi gani. Kuna mtu huenda na wazo zuri la biashara ya mifuko laini ya plastiki, kumbe Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019. Na bidhaa zenye majina makubwa zinazouzwa kwa bei ya kuchekesha, ziache zilipo. Tume ya Ushindani ya Tanzania hukamata bidhaa bandia na kuziteketeza, na hakuna wa kukurudishia mtaji.

Orodha ikikamilika, fungua kalenda. Mwaka Mpya wa Kichina hubadilika kila mwaka: 2026 uliangukia tarehe 17 Februari, na 2027 utakuwa tarehe 6 Februari. Usiangalie siku yenyewe tu. Viwanda huanza kupunguza kazi wiki kadhaa kabla, wafanyakazi wanarudi mikoani, na baada ya sikukuu huchukua muda hadi shughuli zichangamke tena. Oda uliyoiweka wiki mbili kabla ya sikukuu ina uwezekano mkubwa wa kulala. Kuna pia mapumziko ya kitaifa yanayoanza tarehe 1 Oktoba, wiki nzima, ambapo tiketi za treni zinagombaniwa na mamilioni ya Wachina wenyewe.

Maonyesho ya biashara ya Canton ni jambo jingine. Yamekuwepo tangu 1957, hufanyika eneo la Pazhou, hapo hapo Guangzhou, mara mbili kwa mwaka, kuanzia tarehe 15 Aprili na tarehe 15 Oktoba, na kila mara yana awamu tatu za siku tano tano. Mashine na vifaa vya umeme viko awamu ya kwanza, vitu vya nyumbani, samani na vifaa vya ujenzi ya pili, nguo na midoli ya tatu. Ukikosea awamu utazunguka kumbi kubwa huku bidhaa yako haipo. Kwa mwenye mtaji wa kontena, maonyesho yanafaa, kwa kuwa unakutana na kiwanda chenyewe. Kwa anayenunua katoni kumi na tano sioni faida: viwanda vinataka oda kubwa, na hoteli za mji mzima hupandisha bei siku hizo.

Sasa soko. Guangzhou ni kubwa, na masoko yake yamegawanyika kwa bidhaa kuliko tulivyozoea Kariakoo. Nguo za jumla ziko jirani na stesheni kuu ya reli, Baima na mtaa wa Zhanxi, ambako pia kuna viatu na saa. Shahe ni nguo za bei ya chini, na kule biashara huanza kabla ya alfajiri. Ukifika saa nane mchana utakuta watu wanafagia. Vitambaa viko Zhongda, kusini ya mto. Midoli, mapambo na vifaa vya shule ni Yide Lu. Mikoba ni Guihuagang, vipuri na mapambo ya magari ni Yongfu. Samani zina mji wake, Lecong, huko Foshan, na vifaa vya elektroniki vina Huaqiangbei, Shenzhen.

Hoteli ichague kwa kuangalia ramani hiyo, nyota na picha za bwawa la kuogelea zije baadaye. Waafrika wengi hufikia mitaa ya Xiaobei au Sanyuanli, na kuna sababu: ofisi za mizigo ziko karibu, chakula cha halali kinapatikana, na kutoka Xiaobei si mbali hadi msikiti wa Huaisheng au ule wa Xianxian. Kwa mara ya kwanza hapo panafaa. Lakini kama kazi yako yote ni vitambaa vya Zhongda, kulala Xiaobei ni kulipia metro na uchovu kila siku. Kabla ya kulipia, andikia hoteli uulize kama wanapokea wageni wenye pasipoti za nje, maana si kila hoteli ndogo imezoea. Uliza pia amana ya mapokezi ni kiasi gani na kama wana mahali pa kuweka katoni. Hoteli ndiyo itakayokuandikisha polisi. Ukilala kwa ndugu au rafiki, kazi hiyo ni yenu, na sheria inatoa saa 24.

Jina na anwani ya hoteli viwe kwenye simu kwa herufi za Kichina, na uvichapishe kwenye karatasi pia. Dereva wa teksi hatasoma ulichoandika kwa herufi zetu, hata ukiandika vizuri namna gani.

Usafiri wa ndani ya mji ndio sehemu nyepesi kuliko zote. Metro inafika uwanja wa ndege wa Baiyun, nauli inaanzia yuan 2, na vituo vimeandikwa kwa Kiingereza pia. Ukiwa na katoni, ita gari la DiDi, teksi ya kuitwa kwa simu, kupitia Alipay, programu ya malipo nitakayoieleza hapo chini. Kinachosumbua ni stesheni za treni za mwendokasi, kwa sababu mji una zaidi ya moja: Guangzhou, Guangzhou Kusini, Guangzhou Mashariki, na tangu Desemba 2023 Guangzhou Baiyun. Hii ya mwisho ina jina moja na uwanja wa ndege, lakini ni mahali tofauti kabisa. Soma jina la stesheni kwenye tiketi kabla hujaingia kwenye gari. Tiketi zinauzwa kwenye programu ya 12306 siku 15 kabla ya safari, na pasipoti uliyoandikia ndiyo tiketi yenyewe getini, kwa hiyo usiiache hotelini. Saa zimeandikwa kwa mtindo wa 24, na mtu aliyezoea saa zetu za Kiswahili azigeuze taratibu: 19:05 ni saa moja na dakika tano usiku. Shenzhen ni kama nusu saa na ushee kutoka Guangzhou Kusini. Yiwu, yenye soko kubwa kuliko yote la vitu vidogo vidogo, iko mbali mkoani Zhejiang, na kwa treni unaweza kupoteza siku nzima. Kwa maoni yangu, Yiwu si ya safari ya kwanza, isipokuwa kama bidhaa yako ni vifungo, hereni na maua ya plastiki.

Anayetaka kuchungulia Hong Kong aangalie viza yake kwanza. Viza ya China ya kuingia mara moja inaisha unapovuka mpaka, hata kama siku zako zilikuwa bado. Anayekwenda kibiashara huomba aina ya M, ambayo huhitaji mwaliko wa kampuni ya China, na hilo nalo linachukua muda.

Pesa na simu zimalizwe nyumbani. China watu hulipa kwa kuskani, kuanzia muuza maandazi hadi duka la jumla. Pakua Alipay na WeChat, weka pasipoti, unganisha kadi ya Visa au Mastercard. Benki itatuma namba ya uthibitisho kwenye laini yako ya nyumbani. Ndiyo maana hili lifanyike ukiwa bado unashika mtandao wa Dar. Waombe benki wafungue malipo ya nje na waongeze kikomo cha siku. Malipo ya chini ya yuan 200 kwa kadi ya nje hayana makato, zaidi ya hapo ni asilimia 3. Ukibeba taslimu inayozidi dola 5,000, itangaze kwa forodha ya China unapoingia. Kutoka Tanzania au Kenya kiwango cha kutangaza ni dola 10,000. WhatsApp na Google hazifunguki kwa mtandao wa kule bila VPN, programu ya kupita vizuizi vya mtandao, nayo upakue kabla ya kuondoka. Laini ya nyumbani iliyofunguliwa kutumika nje hupitisha WhatsApp, ila gharama yake uiulize kwanza.

Dukani lugha ni kalkuleta. Muuzaji anaandika 28, anakugeuzia. Unafuta, unaandika 19, unamrudishia. Anacheka, anaandika 26, kisha anaonyesha kwa kidole katoni zilizo nyuma yake: bei hiyo ni kwa mia, si kwa kumi. Kabla ya kutoa malipo ya awali, ambayo mara nyingi ni asilimia 30, hakikisha karatasi ya oda ina picha, rangi, saizi, idadi kwa katoni na tarehe ya kukabidhi. Piga picha ya bidhaa ikiwa pamoja na kadi ya duka, la sivyo usiku utakuwa na picha mia za viatu na hujui kipi ni cha nani. Beba futi ya fundi cherehani, maana XL ya kule mara nyingi inamkaa mtu wa M wa kwetu. Pima kifua na nyonga, usisome lebo.

Ofisi ya mizigo itakupa alama yako, herufi kadhaa na namba. Mpe kila muuzaji alama hiyo pamoja na anwani ya ghala kwa Kichina, na umtazame akiiandika kwa kalamu nene kwenye pande mbili za katoni. Upande mmoja hautoshi. Katoni hupangwa zikitazamana, na isiyo na alama haina mwenyewe.

Siku mbili za mwisho usinunue kitu. Ziache kwa ajili ya kwenda ghalani, kuhesabu katoni na kuhakiki vipimo vilivyoandikwa. Pawabenki ziwe kwenye begi la mkononi, na kama una ndege ya ndani ya China ziwe na alama ya 3C, ile ya China ya kuthibitisha usalama wa bidhaa, sharti lililoanza tarehe 28 Juni 2025. Risiti ya mzigo ipige picha umtumie atakayepokea huku nyumbani, kwani katoni za meli zitachukua mwezi na zaidi, na huenda wewe utakuwa umeshasafiri tena.