Mbwa Amemeza Sumu Nyumbani: La Kufanya Kabla ya Kumfikisha kwa Daktari

Wengi wanaoniletea mbwa kliniki huwa wameshampa maziwa, mayai mabichi au maji ya chumvi. Naomba usifanye hivyo. Fuata utaratibu huu.

1. Mtoe alipo. Mfungie mbali na alichokuwa akila, na uwatenge mbwa wengine wa boma. Ukiona mabaki mdomoni, yatoe tu ikiwa ametulia. Anayetetemeka au kupata degedege atakung'ata bila kujua.

2. Chukua pakiti, chupa au kipande kilichobaki. Hatua hii ndiyo inayookoa mbwa wengi kuliko zote, kwa maana tiba hutegemea kilichomezwa. Sumu ya panya inayozuia damu kuganda haionyeshi dalili mapema: mbwa hucheza na kula vizuri, kisha siku ya tatu hadi ya tano anaanza kuvuja damu. Dawa yake ni vitamini K1. Sumu za wadudu za jamii ya organofosfati nazo hufanya kazi haraka: mate yanamwagika, mboni za macho zinakuwa ndogo mno, misuli inacheza. Hapo daktari hutumia atropini. Sumu ya wachuuzi wa mitaani mara nyingi haina maandishi, basi ibebe yenyewe ikiwa imefungwa vizuri.

3. Piga simu kabla ya kuondoka. Taja uzito wa mbwa, alichomeza, kiasi na saa. Uliza kama wako wazi na kama dawa ipo. Kliniki ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete ni nzuri, lakini barabara ya Waiyaki Way ikisimama jioni kwa msongamano, kliniki iliyo karibu nawe ni bora zaidi.

4. Usimtapishe mpaka daktari aseme. Mafuta ya taa na petroli vikirudi juu huingia mapafuni. Jiki kali na asidi ya choo huunguza koo mara ya pili. Betri ndogo ya duara inaweza kutoboa koo kwa saa chache, na kutapisha hakusaidii. Chumvi nyingi yenyewe ni sumu, imeua mbwa ambao kitu walichomeza kisingewaua. Makaa ya jikoni si dawa, hata yakisagwa laini. Kama manyoya yamelowa mafuta ya taa, yaoshe kwa sabuni ya vyombo ili asiyalambe.

5. Njiani, mlaze ubavu na usimlishe chochote. Matapishi yakitoka, yaweke kwenye kopo uje nayo. Kama ulishampa maziwa au kitu kingine, sema wazi, hakuna atakayekugombeza.

Aliyekula sumu ya panya inayozuia damu kuganda hutibiwa kwa vitamini K1 kwa wiki kadhaa. Usikatishe vidonge anapoonekana mzima. Saa 48 hadi 72 baada ya kidonge cha mwisho, mrudishe apimwe jinsi damu inavyoganda.