Pesa Iko Wapi? Namna ya Kuhakikisha Mfumo Mpya wa Kompyuta Unailipa Kampuni

Tuseme kampuni yako inauza vifaa vya ujenzi: duka liko Gerezani, stoo iko Vingunguti, Dar es Salaam. Unataka mfumo utakaounganisha mauzo, stoo na madeni. Kabla ya kumpigia simu muuzaji yeyote, anza hapa.

Hatua ya 1: Taja tatizo kwa shilingi

"Tunataka kwenda kidijitali" halitoshi, maana hakuna siku utakayoweza kusema limekwisha. Sema hivi: ankara zinachelewa kutoka, kwa hiyo wateja wa mkopo wanalipa siku 10 baada ya muda. Kama unakopesha mzigo wa milioni 3 kwa siku, milioni 30 zako ziko nje muda wote. Ukiziba pengo hilo kwa mkopo wa benki wenye riba ya asilimia 18 kwa mwaka, linakula milioni 5.4 kila mwaka.

Sasa weka bei ya mfumo kando ya namba hiyo. Mfumo wa milioni 20 utahitaji karibu miaka minne kurudisha fedha yake, hata ukimaliza ucheleweshaji wote, na hapo hujagusa leseni ya mwaka, mafunzo wala intaneti. Basi tafuta faida ya pili inayopimika, kama kupunguza upotevu stoo, au nunua mfumo wa bei ndogo. Tumia wiki nne kupima hali ilivyo. Bila namba ya mwanzo, baadaye kila mtu atakuwa na lake la kusema.

Hatua ya 2: Mwenye mradi awe mtu wa biashara

Mkuu wa mauzo au mhasibu mkuu. Fundi wa kompyuta hana mamlaka ya kumzuia anayetoa mzigo bila ankara.

Hatua ya 3: Kaa kaunta siku nzima

Utaona mteja analipa kwa lipa namba, keshia anatoa risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi), kisha anaandika yaleyale kwenye daftari. Mfumo mpya usipounganishwa na EFD, umemwongezea kazi ya tatu. Mtake muuzaji wa mfumo akuonyeshe muunganiko huo ukifanya kazi mbele yako, kabla ya kusaini chochote.

Hatua ya 4: Anza na duka peke yake, kisha funga daftari

Tangaza tarehe na uisimamie. Daftari likiachwa "kwa usalama", watu watalirudia na utakuwa na hesabu mbili zinazopingana. Na kwa kuwa utatunza majina na simu za wateja, jisajili Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka hivyo.

Hatua ya 5: Pima tena baada ya miezi mitatu

Namba ileile, kwa njia ileile. Siku 10 zikishuka hadi 4, milioni 18 zimerudi. Zitumie kupunguza mkopo wa benki mwezi huohuo. Ukiziacha kwenye akaunti zitaishia kwenye matumizi, na riba utaendelea kuilipa kama zamani.