Gari Lako Likipekuliwa Bila Hati Marekani: Namna ya Kuupinga Ushahidi

Nchini Marekani, askari hahitaji hati ya mahakama kupekua gari akiwa na sababu ya msingi ya kuamini kwamba ndani mna kitu haramu. Mahakama ya Juu iliamua hivyo mwaka 1925 katika kesi ya Carroll, kwa hiyo kulalamika tu kwamba "hakuwa na hati" hakusaidii. Ushahidi huanguka wakili anapoonyesha ni hatua ipi ya askari iliyovunja Marekebisho ya Nne ya Katiba, yanayokataza upekuzi usio na msingi.

Ruhusa ndiyo inayotuponza zaidi. Askari anauliza kwa upole kama anaweza kuangalia ndani, nawe uliyelelewa kutobishana na serikali unajibu "okay". Basi, umeshamruhusu, na sheria haimlazimishi akwambie kwamba ungeweza kukataa. Sema "I do not consent to a search" (sikubali kupekuliwa), mikono yako ikionekana. Akiendelea kupekua, usimzuie. Kama ulikubali bila kuelewa, mweleze wakili ulisemeshwa kwa lugha gani na kama mkalimani alikuwapo: upande wa mashtaka ndio wenye kazi ya kuthibitisha kwamba ruhusa ilitoka kwa hiari.

Kisha, wewe na wakili wako, hesabuni dakika ulizosimamishwa. Tangu kesi ya Rodriguez ya 2015, askari aliyekwisha kukupa karatasi ya faini haruhusiwi kukuweka pale ukisubiri mbwa wa kunusa, hata dakika saba, bila sababu mahususi ya kukushuku. Wakili aandike barua mapema kutaka video za kamera ya gari na ya kifuani zihifadhiwe, kwani hufutwa baada ya muda. Tazameni faini ilitolewa saa ngapi na mbwa alifika saa ngapi, na kama askari alidai kusikia "harufu" ya dawa kabla au baada ya wewe kukataa. Linganisheni na ripoti ya askari.

Abiria anaweza kupinga kusimamishwa, lakini kwa kawaida si upekuzi wa gari lisilo lake. Kupekua simu ya mkononi huhitaji hati yake (kesi ya Riley, 2014).

Maombi ya kuuondoa ushahidi hupelekwa kabla ya kesi kusikilizwa, ndani ya tarehe ya jaji. Usikubali kukiri kosa upesi ili yaishe, hata kama kilichokutwa ni miraa: kathinoni iliyomo iko katika kundi la kwanza la dawa zilizopigwa marufuku. Tangu kesi ya Padilla ya 2010, wakili wako wa jinai anawajibika kukueleza athari za kukiri kwa ukaazi wako. Muulize kabla hujatia saini, maana ushahidi uliotupwa kwenye kesi ya jinai bado unaweza kupokelewa kwenye mahakama ya uhamiaji.